Bipu Moja ya Asubuhi

Kwa mama yangu simu ilikuwa chombo cha kubipu. Kupiga ilikuwa kazi ya watu wengine, wenye mishahara na wenye maduka. Alipata kitochi chake cheusi cha vitufe wakati mimi nasomea ufundi Shinyanga mjini, na kabla sijamaliza kumweleza kitufe cha kijani kinafanya nini, yeye alikuwa ameshapanga utaratibu. Bipu moja asubuhi maana yake nimeamka salama. Bipu mbili zinazofuatana, nipigie, kuna neno. Bipu tatu hazikuwepo katika sheria zake.

Na bipu haipokelewi. Hilo mtu wa rika langu haambiwi. Ukimpokelea mtu bipu umemlia vocha yake, na anaweza kukununia hata mwezi. Mimi nilikosea mara moja tu. Nilikuwa naichezea simu, ikaita mkononi, nikajikuta nimepokea. Upande wa pili nikamsikia mama ameshtuka kabisa. "Umeipokea ya nini?" akasema, akakata hapohapo. Asubuhi mbili zilizofuata hakubipu, na mimi nikashinda darasani sielewi ninachofundishwa. Tangu hapo simu ikiita asubuhi, naitazama tu mpaka inyamaze.

Miaka ikaenda. Nikarudi kwetu, upande wa Bukombe, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu kwenye senta ya machimbo. Mama alibaki kwenye mji wake, ile nyumba ya baba, ng'ambo ya bonde, dakika arobaini kwa miguu ukikatiza mashamba ya mpunga. Nilimwomba mara nyingi ahamie kwangu. Alikuwa akinijibu kwamba baba amezikwa pale, na hawezi kumwacha mtu na kuku peke yao. Nikimwambia kuku wanahamishika, ananiambia na yeye anajua hivyo.

Mtandao kwetu ulikuwa taabu. Kilima kinakaa katikati yetu na minara ya kampuni kubwa, na kampuni kubwa hazikuona sababu ya kutufuata nyuma ya kilima. Tulikuwa na kichuguu kimoja kando ya njia ya Ushirombo, ukisimama juu yake ukainua shingo unapata nukta mbili za mawasiliano. Watu walipanga foleni pale. Uliye nyuma unasikia yote ya aliye mbele: nani kaachwa, nani kaibiwa mawe, nani ana ugonjwa asiotaka kuutaja. Kichuguu kile kilijua siri nyingi kuliko padri.

Basi watu wa senta wakachoka. Kikundi cha wachimbaji, wenye maduka, mwenye karasha la kusagia mawe, na kamati ya zahanati wakakaa, wakakubaliana tujenge mtandao wetu wenyewe. Alikuja mtaalamu kutoka mjini, tukahangaika kupata kibali, na mwisho wa kiangazi tukasimamisha mnara mwembamba juu ya kilima, wenye antena mbili, paneli nne za jua, na kasha la chuma lenye mitambo, betri na kompyuta ndogo. Laini zilikuwa zetu, namba zake tarakimu nne. Ukiwa na laini ya kijiji unampigia mwenzako wa kijijini bure, kutoka karasha mpaka bondeni kwa mama na vitongoji vya jirani. Nje ya hapo haifiki. Kwa kuwa mimi ndiye fundi, mtaalamu alipoondoka funguo za kasha zilibaki kwangu.

Niseme ukweli, funguo zile zilinipanda kichwani. Kabla yake nilikuwa mwanamke wa kubadilisha vioo na spika. Baada yake, wenye maduka waliniamkia mapema. Nilizifunga kwenye pindo la kanga, nikawa natembea nazo zinalia.

Laini ya kwanza kabisa nilimpelekea mama. Nikakaa naye uani, nikamweleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma. Sasa ongea, mama. Hakuna vocha. Ongea mpaka uchoke.

"Bure ya nani?" akauliza.

"Bure ya wote. Ni mtandao wetu."

"Hakuna bure, ng'wanone, mwanangu. Pana mtu anaumia mahali."

Asubuhi iliyofuata, saa moja na dakika chache, akanibipu. Mara moja. Nikacheka peke yangu kibandani, nikaacha iite mpaka inyamaze. Nilidhani atazoea.

Hakuzoea, na ilinichukua muda kutambua kwamba sababu nilikuwa mimi. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipitia kwake, na kila Jumapili nilikuwa na malalamiko yaleyale. Watu wanamaliza betri. Mtandao ulikuwa wa bure, na watu wetu wakipewa bure hawajui pa kuishia. Mama lishe anapika maharage simu iko wazi, dada yake upande wa pili naye anapika maharage, wala hawaongei, wanasikilizana yakichemka. Wenye maduara yao ya kuchimba wanatafutana kwa simu na wote wako kwenye meza moja ya pombe. Mimi ndiye napanda kilima kufuta vumbi kwenye paneli, mimi ndiye naona kipimo cha betri kinashuka. Nilikuwa natukana kidogo, si sana, mbele ya mama mtu huchuja maneno. Yeye anachambua mboga, anaitikia. Siku moja nilipomshika tena, kwa nini hapigi, akanijibu bila kuinua macho.

"Mimi sitaki kuwa mmoja wa hao wanaokumalizia betri."

Nilimwambia bipu na simu ya dakika mbili hazitofautiani hata chembe. Akasema sawa. Kesho yake akabipu. Mwaka mzima wa mtandao ule alibipu mara mbili mfululizo siku tatu tu, na zote nilipompigia ilikuwa mambo ya kawaida: mbuzi kaingia shambani kwa jirani, chumvi imeisha, anataka kujua kama kweli mbunge anakuja. Asubuhi nyingine zote ilikuwa bipu moja. Mhola duhu, salama tu. Nilizoea kunywa chai baada ya bipu ile, si kabla.

Mvua za masika zilipoanza, jua likawa la kubahatisha na betri zikawa haba. Kamati ya mtandao ikaweka sheria: mazungumzo yasizidi dakika kumi, na atakayekutwa ameacha simu wazi atapanda kilimani kufuta paneli wiki nzima. Aliyezifuta zaidi ya wote ni mwanamume mmoja wa kwenye karasha. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, yuko kwa wazazi wake kitongoji cha pili, kama ilivyo desturi. Jamaa anampigia, wakimaliza kuongea mke anaweka simu karibu na mtoto, na baba anaisikiliza pumzi ya mwanawe huku analisha mawe kwenye karasha. Mimi nilikuwa najua. Kijiji kizima kilijua, tukamtania kwamba analea kwa spika. Alikuwa anacheka, anachukua ndoo na kitambaa, anapanda kufuta.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe, maana nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa Alhamisi, mvua imenyesha siku mbili. Saa moja na dakika kumi mama akabipu, mara moja. Nikanywa chai. Kisha nikapanda kilimani, viatu vimejaa tope, nikafungua kasha na kukuta kipimo cha betri kimeshuka mpaka karibu na alama nyekundu. Nikafungua kompyuta. Laini moja ilikuwa wazi tangu jioni iliyopita. Sikuhitaji kuuliza ya nani.

Kwenye kompyuta ile ningeweza kumkata yeye peke yake. Ni kubonyeza mara mbili. Nilijua hivyo, nilishawahi kufanya hivyo. Lakini nilikuwa nimelowa, nimechoka na watu, na moyoni nikasema leo wataijua thamani yake. Nikazima mtambo wa kurusha mawimbi. Betri niliziacha zijichaji, na taa yao nyekundu ndogo ikabaki inawaka, ila mtandao wenyewe ukafa, wa kijiji chote. Nikafunga kasha, nikafunga funguo kwenye pindo la kanga, nikashuka.

Niliifurahia asubuhi ile. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Nilikaa kibandani nikiwapokea mmoja mmoja wanavyokuja kulalamika. Mwenye duka la vipuri akaja, "Fundi, mtandao vipi?" Nikamwambia betri imekwisha, kamuulize anayelea mtoto kwa simu. Mama lishe akaja, nikamjibu hivyohivyo. Nilikuwa najisikia mwalimu. Nilikuwa nimepanga kuwasha saa sita, ikafika saa sita nikasema waongezewe nusu saa, na ile nusu saa ikanoga ikawa saa nzima.

Nilipowasha, saa saba imepita kidogo, sikuwahi hata kufunga mlango wa kasha. Simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya jirani wa mama, mwanamke ambaye huchota naye maji. Hakunisalimia.

"Tumekutafuta tangu saa nne," akasema. "Mama yako ameanguka."

Mume wake alikuwa ameshatoka kwa baiskeli kunifuata, na mto wa bondeni ulikuwa umejaa, akazungukia mbali. Tulipishana naye. Mimi nilipata pikipiki, ikakwama mara mbili, kipande cha mwisho nikakimbia. Nilimkuta mama ndani, amelazwa kwenye mkeka, upande wa kulia wa mwili umelala, mdomo umevutwa. Alikuwa ananitazama. Nilimwamkia, shikamoo mama, kama mjinga, na alijitahidi kuitikia marahaba ikatoka sauti tu isiyo na neno. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Alinishika nao pindo la kanga, palepale zilipofungwa zile funguo, akashikilia.

Jirani alisema alikwenda kuomba moto, saa nne, akamkuta chini karibu na mtungi, simu iko kando yake. Hajui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Zahanati walitupa barua, tukapata gari, tukafika hospitali ya wilaya alasiri. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniuliza ameanguka saa ngapi. Nikamwambia saa moja na dakika kumi alikuwa mzima. Umejuaje, akauliza. Nikamwambia alinibipu. Akaandika saa moja na dakika kumi kwenye karatasi, kisha akatazama saa ya ukutani, na akasema kiharusi kinataka kuwahiwa.

Mama alikaa hospitali siku mbili. Siku ya tatu nilitoka kwenda kumchukulia uji getini, niliporudi nesi alikuwa amesimama karibu na kitanda amemfunika. Kikombe cha uji nilikishika mpaka kikapoa, mtu akaja kunipokonya.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mtandao wetu ulifanya kazi vizuri, hapo sina la kusema. Kwa jioni moja vitongoji vyote vilikuwa na habari, mahema yamekuja, sufuria zimekuja, vijana wa kuchimba kaburi wamejipanga. Wachimbaji wanachimba kaburi haraka na kwa unadhifu, kuta zake zimenyooka. Yule wa kwenye karasha alikuwa wa kwanza kuingia shimoni na wa mwisho kutoka. Alipotoka akanijia, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo fundi," akasema. "Pole sana. Nisamehe."

Nilijua anaomba msamaha wa nini. Kijiji kizima kilikuwa kinasema: betri iliisha kwa sababu ya jamaa wa karasha, ndiyo maana mama wa fundi hakupatikana mapema. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu, asubuhi ileile, nikiwa nimekaa kibandani na watu wakayachukua wakaenda nayo. Na pale mbele ya kaburi nilikuwa na nafasi ya kuyarudisha. Nilimtazama yule mwanamume, mwenye mtoto wa mwezi mmoja, anaomba msamaha kwa kosa langu, nikamwambia, "Mungu atatusaidia." Nikaenda kukaa na wanawake.

Watu huniambia nina hasira za karibu. Ni kweli, lakini hasira si ubaya wangu mkubwa. Ubaya wangu nimeuona siku ile. Nilimwachia mtu mwingine mzigo wangu na nikala chakula cha msiba.

Matanga yakaanuliwa. Ndugu wakaondoka. Nikabaki kwenye mji wa mama na kuku wake, nakunja nguo zake, nikakikuta kitochi kwenye kikapu alimokiweka mtu asiyejua pa kukiweka. Betri yake ilikuwa bado ina chaji. Vitochi vile havifi upesi. Nilitaka tu kukizima ili nikihifadhi. Nikajikuta nimefungua orodha ya simu alizopiga.

Bipu ya saa moja na dakika kumi ilikuwepo. Baada yake, saa mbili kasoro kidogo, namba yangu. Kisha namba yangu. Kisha namba yangu tena. Nilishusha kwa kitufe, nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Mara kumi na moja, ya mwisho saa nne kasoro dakika tano. Zote hazikutoka, kwa sababu hapakuwa na mnara wa kuzipokea.

Nilikaa kwenye kitanda chake. Mwanzoni nilijidanganya kwamba alikuwa anabipu mbili mbili, kama sheria yake, kuna neno, nipigie. Lakini mimi namjua mama. Mtu habipu mara kumi na moja. Mama yangu, ambaye hakutaka kunimalizia betri, alikuwa anapiga. Kwa mkono wa kushoto, sakafuni, alikuwa anasubiri nipokee. Huenda hata sauti hakuwa nayo tena, huenda ningepokea nikasikia pumzi tu. Ningekimbia kwa hiyo pumzi.

Nililia mpaka kuku wakaja mlangoni kuangalia.

Kisha nikachukua simu yangu mwenyewe. Nilitafuta namba ya jamaa wa karasha, tarakimu nne, nikapiga. Kelele za mawe zikaja kwanza, halafu yeye.

"Fundi, kwema? Mimi siku hizi sizidishi dakika kumi, muulize mke wangu."

"Betri haikuisha," nikasema. "Siku ile. Niliuzima mimi. Nilikuwa na hasira nikauzima mtandao wote, na sikutaka kukukata wewe peke yako. Betri ilikuwa na moto wa kutosha mpaka jua litoke. Nimekusingizia mbele ya watu."

Nilisikia anaondoka kwenye mashine, kelele zikapungua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Asubuhi ile nilipanda kufuta paneli. Nilijua ni zamu yangu, nilikuwa nimelala na simu wazi. Nikachungulia kwenye tundu la hewa la kasha. Taa ya betri ilikuwa inawaka. Nikafuta, nikashuka. Nilisema fundi amekasirika, atawasha mwenyewe akipoa. Ningekuja kukuomba uwashe, fundi, ila nilikuogopa."

"Mbona hukusema? Kwenye msiba, watu wanakunyooshea kidole, mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa umefiwa," akasema.

Nilisubiri akate, nadhani naye alikuwa ananisubiri mimi. Dakika kumi zikapita. Upande wake nilisikia mtu anamwita arudi kwenye mawe, akaenda, simu akaiweka mahali bila kuizima, na karasha likaendelea kusaga. Nami niliiweka yangu juu ya mto wa mama, iko wazi, nikaendelea kukunja nguo.